Siku saba kuifuata reli ya zamani, kutoka Kilindini hadi Kisumu

Siku ya kwanza: Mombasa

Nimekulia Makupa, na tangu utotoni nimelala nikisikia mabehewa ya mizigo yakigongana usiku. Kisumu nimekwenda mara nyingi, kwa kuwa dada yangu ameolewa huko, lakini kila mara nimepanda basi la usiku na kuamka asubuhi ziwani bila kuona chochote kilichopo katikati. Safari hii nimeamua kwenda mchana, kituo kwa kituo, nikifuata njia ambayo Waingereza walianza kuitandika reli yake hapa kisiwani mwaka 1896 na kuifikisha ziwani Desemba 1901. Sikusudii kuandika habari za injini na madaraja. Nataka kuitazama miji ambayo reli hiyo iliizaa, na kujiuliza katika kila mji ni nani aliyetarajiwa kukaa na ni nani aliyetarajiwa kufanya kazi na kisha kuondoka.

Nilianzia Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa. Asubuhi hii majahazi yalikuwa machache, na walinzi walikuwa wengi kuliko wachukuzi. Kwa karne nyingi hapa ndipo palipokuwa mlango wa mji: vyombo vilishuka na kaskazi vikarudi na kusi, na nyumba za Ndia Kuu zilijengwa na watu ambao biashara yao ilikuwa hatua chache kutoka barazani kwao. Kisha serikali ya Uingereza, ambayo mwaka 1895 iliitangaza nchi hii kuwa chini ya ulinzi wake na kuanza kumlipa Sultani wa Zanzibar pauni 17,000 kwa mwaka kwa ajili ya ukanda wa pwani, ikaupeleka uzito wote wa biashara upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, ambako maji ni marefu na ambako reli ingeweza kufika hadi melini. Gati za maji marefu zilianza kutumika miaka ya 1920. Mji ukageuzwa uso. Ngome ya Yesu, iliyokuwa imelinda mlango wa zamani, walikuwa wameshaifanya gereza, na ikaendelea kuwa gereza hadi mwaka 1958.

Kati ya pande hizo mbili, kabla ya motokaa, kulikuwa na vitoroli vilivyokwenda juu ya reli nyembamba mitaani. Abiria, aghalabu Mzungu mwenye kofia, alikaa chini ya kivuli cha turubai, na wanaume wawili wakamsukuma kutoka nyuma. Kila nikiiona picha ya vitoroli hivyo najiambia kwamba uchumi wote wa enzi ile umo ndani yake.

Adhuhuri nilipita Majengo. Jina hili utalikuta katika miji mingi ya Kenya, na karibu kila mahali linamaanisha kitu kimoja, yaani mtaa ambao Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, ili kuwapangisha wafanyakazi. Hapa Mombasa pana jambo la ziada ambalo wageni hawalielewi kwa urahisi: mtu anaweza kuwa na nyumba lakini asiwe na ardhi iliyo chini yake. Nyumba ni yake, anaweza kuiuza au kuirithisha, ila kiwanja ni cha mwingine, naye hukilipia kodi kila mwezi. Mizizi ya jambo hili ni mingi, lakini mmojawapo ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa pwani waje kudai ardhi zao mbele ya ofisa na kuthibitisha madai hayo. Waliokuwa na karatasi, mawakili na fedha walipata hati. Wengi waliokuwa wakilima bila karatasi, wakiwamo waliokuwa watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, hawakupata kitu, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Mjukuu wa mkulima huyo leo huitwa skwota, yaani mtu anayekaa kwenye ardhi isiyo yake, mahali alipozaliwa babu yake.

Nilimaliza siku karibu na Kiwanja cha Maskini. Januari 1947 wafanyakazi wapatao elfu 15, makuli wa bandari, watu wa reli, wapishi na madobi, waligoma kwa siku zisizopungua kumi, na hapa ndipo walipokuwa wakikutana. Kiongozi aliyejitokeza, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa mbali na mji. Madai yao yalikuwa ya mshahara na chakula, lakini chini yake lilikuwapo dai kubwa zaidi, kwamba kuli ni mkazi wa Mombasa, ana mke na watoto, na hawezi kuendelea kulipwa kama mtu aliyekuja kwa msimu.

Siku ya pili: Voi

Nimepanda treni mpya, ile iliyozinduliwa mwaka 2017, kutoka kituo cha Miritini. Kituo ni kizuri, ila kukifikia kutoka kisiwani ni safari nyingine kabla ya safari. Vituo vya zamani viko katikati ya miji kwa sababu miji ilizaliwa na vituo. Hiki kimekuja baada ya mji, kikalazimika kutafuta nafasi nje.

Nyika ya Taru ilikuwa kavu, na kwa mara ya kwanza niliiona kwa macho ya mchana. Kabla ya reli, mzigo ulivuka hapa juu ya kichwa cha mpagazi, kwa miezi. Hatuwezi kuisimulia reli kwa haki bila kukiri kwamba iliondoa mateso hayo. Lakini pia iliondoa biashara ya watu waliokuwa wakiiongoza, kuilisha na kuikodisha misafara, Waswahili, Wamijikenda na Wakamba, ambao walibaki kando ya njia wakiitazama biashara yao ikipita bila kusimama.

Voi sikukaa sana. Nilikwenda kwenye makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo mawe meupe yenye majina yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Katika vita hivyo tawi la reli lilijengwa kutoka hapa kwenda Taveta ili kuwakabili Wajerumani, na mashamba ya mkonge yaliyo upande huo mpaka leo huonyesha jinsi njia ya jeshi inavyoweza kugeuka njia ya zao la biashara. Wapagazi Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu kubeba risasi na unga walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara, na sehemu kubwa yao hawakuwekewa jiwe lenye jina. Nitakutana na jina lao la pamoja Nairobi.

Kuhusu simba wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli, kila mtu ameshasimuliwa. Nasema tu kwamba simba wawili wamepata umaarufu duniani kote, ilhali wafanyakazi wapatao 2,500 walioletwa kutoka India na kufia kwenye ujenzi, wengi kwa magonjwa, hawana hata wimbo.

Siku ya tatu: Makindu, kisha Nairobi

Leo nimetumia basi, kwa sababu nilitaka kushuka Makindu, na treni mpya haina kituo hapo.

Hekalu la Masingasinga la Makindu lilijengwa mwaka 1926, na chanzo chake ni wafanyakazi wa reli waliokuwa na karakana hapa. Msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kabila. Nilivua viatu, nikafunika kichwa, nikaketi sakafuni kati ya madereva wa malori, na mzee mwenye kilemba akaniwekea chapati, dengu na chai. Nilipotaka kumshukuru kwa maneno mengi alinikatiza: “Kula kwanza, mwanangu, chai inapoa.” Nilitii.

Wafanyakazi wapatao elfu 32 waliletwa kutoka India kujenga reli hii kwa mikataba, na wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki walikuwa kama elfu sita na zaidi, na waliungana na wafanyabiashara waliokuwa pwani tangu zamani. Mmoja wa hao, Allidina Visram, alifuata reli kwa maduka kila ilipofika, akinunua pembe, ngozi na ufuta, na kuuza nguo, chumvi na mafuta ya taa. Kwa njia hiyo rupia ya India ilipenya bara. Ikumbukwe kwamba serikali ilikuwa ikiihitaji rupia hiyo ipenye, kwa maana kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20 ililipwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Mtu aliyekuwa na ng’ombe, wimbi na asali alijikuta ghafla kuwa maskini, kwa kuwa kitu kimoja kilichotakiwa na karani hakuwa nacho. Aliweza kukipata dukani kwa kuuza mavuno, au shambani kwa Mzungu kwa kuuza siku zake. Serikali ilipendelea njia hii ya pili, na haikuficha.

Mhindi naye aliwekewa mpaka wake. Aliruhusiwa kufanya biashara kila mahali penye vumbi na kila mahali penye malaria, lakini hakuruhusiwa kununua shamba kwenye nyanda za juu. Ndiyo maana, nadhani, mitaa ya kale ya miji hii ina maduka ya Kihindi yenye ghorofa moja juu, familia ikiishi orofani na biashara ikiwa chini. Mtu asiyeruhusiwa kupanuka kwenda nje hujenga kwenda juu.

Nairobi nimefika wakati wa magharibi, msongamano ukiwa umekaza tangu Athi River.

Siku ya nne: Nairobi

Nimetembea kutwa kwa miguu na nina mengi ya kuandika.

Nairobi haikuchaguliwa na mtu yeyote kuwa mji. Mei 1899 reli ilifika kwenye uwanda wenye kinamasi, ambao Wamaasai waliujua kwa maji yake baridi, na wahandisi wakasimama kwa sababu baada ya hapo inaanza milima, wakahitaji mahali tambarare pa kuweka ghala, karakana na mabehewa. Walitafuta maegesho. Miaka michache baadaye makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa, na maegesho yakawa mji mkuu. Madaktari walilalamika mapema kwamba mahali hapa hapafai kwa mji kwa kuwa maji hayana pa kwenda, na kila masika wakazi wa mashariki mwa jiji wanalikumbuka lalamiko hilo hata kama hawajawahi kulisikia.

Kwenye jumba la makumbusho ya reli, nyuma ya kituo cha zamani, nilitazama ramani na mabehewa, kisha nikatoka kuelekea mashariki. Muthurwa ndipo shirika la reli lilipowapanga wafanyakazi wake Waafrika katika landhi, yaani vyumba vya mstari mmoja vyenye bomba na choo cha pamoja. Chumba kilihesabiwa kwa vitanda, na kitanda kilihesabiwa kwa mwanamume mmoja. Hapakuwa na hesabu ya mke. Ukiielewa hesabu hiyo umeielewa Nairobi: mshahara ulikuwa wa mtu asiye na familia, kwa sababu ilichukuliwa kuwa familia iko akiba, yaani kwenye ardhi iliyotengewa kabila lake, na kwamba mke ndiye atakayewalisha watoto kwa jembe, atakayemuuguza mume akirudi na kifua, na atakayemtunza akizeeka. Kila gunia la kahawa lililopita Kilindini lilibeba ndani yake ruzuku ya mwanamke huyo, ingawa jina lake halikuandikwa katika hati yoyote ya mzigo. Tume ya serikali yenyewe, ile ya Carpenter ya mwaka 1954, ilikuta kwamba sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mijini hawakulipwa cha kumtosha hata mtu mmoja peke yake, ikapendekeza mshahara wa mtu mwenye familia. Ilikuwa imepita miaka 55 tangu behewa la kwanza lifike.

Nilipita Kariokor. Jina hili ni lile la kikosi cha wapagazi wa vita, nililosema nitakutana nalo, na ndugu yake ni Kariakoo ya Dar es Salaam. Leo pana soko la vikapu na nyama choma, na sikukuta kibao chochote kinachoeleza.

Pumwani, ambayo jina lake linaahidi mahali pa kupumua, ilianzishwa na manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya kando ya mji wakusanywe mahali pamoja. Pangani, mojawapo ya vijiji hivyo, ilibaki hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ikabomolewa, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Huwezi kulitafsiri jina hilo la Shauri Moyo bila kuguswa: ni kama mtu aliyeambiwa ahame akajibu kwamba amesikia, na yaliyobaki atayazungumza na nafsi yake. Huduma za mitaa hii, kwa sehemu, ziligharimiwa kwa faida ya pombe. Manispaa ilijitwalia peke yake haki ya kuuza pombe ya kienyeji katika kilabu chake, na mwanamke aliyepika yake nyumbani akakamatwa. Kwa hiyo kuli alikunywa ili apate zahanati, na ardhi ya thamani iliyo magharibi, yenye kodi nono, ikaendelea kuhudumia magharibi.

Hayo hayakutokea kwa bahati. Tauni ilipoingia mwaka 1902 soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto, na tangu hapo afya ikawa lugha ya kutenga watu. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu aliyetumwa kutoka Uingereza, alipendekeza waziwazi kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa tofauti. Ramani iliyotokana na fikra hiyo inasomeka bado kwa miguu. Uzunguni ulikuwa kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu usiotuamisha maji. Uhindini ulikuwa Ngara na Parklands. Na Waafrika waliwekwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi, mto ukiwafikia baada ya kupita kwa wengine wote. Nilipanda kilima jioni, na kadiri nilivyopanda miti iliongezeka na vibanda vya chai vikapungua.

Mtu wa mashariki aliyetaka kupanda kilima hicho alihitaji kipande. Tangu mwaka 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kukivaa shingoni, ndani ya kibati, kikiwa na alama za vidole na jina la mwajiri. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe. Alikuwa amekamatwa kwa kupinga kipande, kodi iliyopandishwa na mishahara iliyopunguzwa. Mary Muthoni Nyanjiru aliwaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyuma, na risasi zikafyatuliwa. Walowezi waliokuwa barazani kwenye Hoteli ya Norfolk nao walifyatua. Serikali ilihesabu maiti ishirini na ushei, na watu waliokuwapo walitaja nyingi zaidi. Nilisimama ng’ambo ya barabara hiyo, wanafunzi wa chuo kikuu wakinipita na simu zao masikioni.

Siku ya tano: Nakuru

Matatu imeteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa mwendo ambao sitausimulia, kwa kuwa dada yangu huenda akasoma.

Huku ndiko liliko jibu la swali la nani angeilipia reli. Reli iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, na London ilitaka kuona inajilipia. Haikuwa na mizigo ya kutosha. Kamishna Charles Eliot aliamua kwamba mizigo itazalishwa na walowezi Wazungu, na ili walowezi waje ilibidi ardhi ipatikane. Wamaasai walihamishwa kutoka bondeni kwa mapatano ya mwaka 1904, kisha wakahamishwa tena kutoka Laikipia baada ya mapatano ya mwaka 1911. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikawapa walowezi ukodishaji wa miaka 999. Nimejaribu kuwazia miaka 999 kwenda nyuma, na nimeufikia wakati ambao Mombasa yenyewe ilikuwa changa.

Ardhi bila mikono haizai. Mikono ilipatikana kwa kodi, na pia kwa mkataba wa maskwota: familia ya Kiafrika iliruhusiwa kulima kipande na kulisha mifugo yake katika shamba la mlowezi, kwa sharti la kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Wengi wao walikuwa wakilima eneo kubwa kuliko bwana wao na kwa ustadi kuliko yeye, na kwa sababu hiyohiyo sheria zilizofuata ziliwapunguzia mifugo na kuwaongezea siku za kazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bodi ya mahindi ilimlipa Mzungu bei ya juu kuliko Mwafrika kwa gunia lilelile. Reli nayo ilichukua mahindi ya walowezi kwenda bandarini kwa nauli ya chini, huku bidhaa zilizonunuliwa na Waafrika, kama nguo, zikitozwa nauli ya juu. Mtu anayesema kwamba walowezi walifaulu kwa bidii yao anapaswa kwanza kupiga hesabu ya nauli.

Nakuru ni mji wa walowezi usiojificha. Mitaa inakatana kwa pembe sawa, benki na maghala ya nafaka yako hatua chache kutoka stesheni, mitaa ya Bondeni na Kaloleni iko chini, na Milimani iko juu kuelekea Menengai. Nimeshangaa kuona kwamba nimeshajua mahali pa kutafuta kila kitu ingawa mji huu sikuwahi kuutembea. Baada ya Nairobi, ramani moja inatosha.

Siku ya sita: Kericho

Mvua. Chai imekatwa sawasawa kama iliyonyolewa, kilima baada ya kilima, na katikati yake kuna vijiji vya nyumba ndogo zinazofanana. Baada ya Vita vya Kwanza sehemu ya ardhi hii waligawiwa maofisa wa kijeshi wenye ulemavu ili walime kitani, mradi ukaanguka, na miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zikaingia. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, ambao serikali iliuogopa kwa uongozi wake wa kiroho miongoni mwa Wakipsigis, ulihamishwa wote na kupelekwa Gwassi, karibu na ziwa, penye joto na mbung’o.

Katika shamba la chai kampuni ndiyo mwajiri, mwenye nyumba, mwenye zahanati na mwenye shule. Huu ni mji pia, ingawa hakuna anayeuita hivyo, na ndio mji ambao wazo la kikoloni lilifika mwisho wake: kazi ikiisha, chumba kimeisha.

Siku ya saba: Kisumu

Tumeteremka kati ya miwa hadi Ahero, joto likaturudia, na saa nne asubuhi nilikuwa kwenye gati. Reli imeishia hapa kwenye nyasi, mita chache kutoka majini.

Walipoanza kuijenga waliiita Reli ya Uganda, na Kisumu kweli ilikuwa Uganda. Aprili 1902, miezi michache baada ya reli kufika, mkoa huu wote ulihamishiwa upande wa pili wa mpaka, na Reli ya Uganda ikabaki bila hata stesheni moja iliyo Uganda. Meli zilizoletwa vipandevipande na kuunganishwa hapa zilivusha pamba na kahawa ya ng’ambo, na Kisumu ikanawiri kama mahali pa kupakua na kupakia. Kisha mwaka 1931 njia nyingine, iliyopita Eldoret, ikafika Kampala. Mzigo wa Uganda haukuwa na haja tena ya kushuka melini, na mji uliokuwa mwisho wa reli ukawa kituo cha tawi.

Bidhaa nyingine ya Kisumu ilikuwa watu. Treni iliyopeleka pamba bandarini ilipeleka pia vijana wa Nyanza hadi Nairobi na Mombasa, na babu wa shemeji yangu alikuwa mmoja wao, kuli wa Kilindini. Waliobaki na kutaka kufanya biashara mjini walikuta sheria ya mikopo ikiwazuia: deni kubwa la Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa kwa masharti maalumu, kwa hiyo hakuna tajiri wala benki iliyomkopesha. Oginga Odinga alipoanzisha shirika la akiba na biashara la Waluo mwaka 1947, akikusanya shilingi za watu wadogo, alikuwa akijenga benki kwa sababu mlango wa benki ulikuwa umefungwa. Jumba la Ramogi mjini hapa lilitokana na shilingi hizo.

Alasiri shemeji alinitembeza. Tulianza Milimani, karibu na maji, penye viwanja vipana na miti ya jakaranda, tukapita mtaa wa maduka ya Kihindi, kisha tukaelekea nyumbani kwao Manyatta. Katika makutano fulani alisimama na kuniuliza, “Shemeji, umeona nini hapa?” Nilitazama. Lami pana iliishia hapo, taa za barabarani ziliishia hapo, na mbele njia ziligawanyika na kupinda kama njia za mashamba.

“Ni njia za mashamba,” akasema. “Manispaa ya Wazungu ilikuwa ikiishia hapa. Wafanyakazi walijenga upande huu kwa sababu upande ule hawakuruhusiwa, na mji ulikuja kututambua miaka ya 1970.”

Lori la kufyonza maji taka lilikuwa limeegeshwa palepale, kwenye mwisho wa lami, kwa kuwa haliwezi kupita vichochoro. Vijana wanne walikuwa wakiunganisha mipira mirefu, mmoja baada ya mwingine, wakiivuta kuelekea nyumba za ndani. Tuliiruka mipira hiyo, tukaingia. Dada alikuwa ameshatia samaki motoni.